Nani Alizifanya Hadithi za Unguja Kuwa za Watoto?

Mwaka 1870 wachapishaji Bell na Daldy wa London walitoa kitabu cha hadithi zilizosimuliwa na wenyeji wa Unguja, Kiswahili kikiwa upande mmoja na Kiingereza upande wa pili unaoukabili. Mkusanyaji wake alikuwa Edward Steere, kasisi aliyewahi kusomea sheria, ambaye alifika Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa Misheni ya Vyuo Vikuu. Kitabu hicho, Swahili Tales, kimekuwa chemchemi ambayo wengi wameteka maji yao. Vitabu vingi vya ngano vinavyouzwa leo kwa ajili ya watoto wa Waswahili, viwe vya Dar es Salaam au vya London, vina angalau kisa kimoja kilichopitia kurasa zake. Mzazi aliye Maskati au Toronto akimsomea mwanawe kisa cha kima na papa, huamini kwamba anamrudishia kile ambacho bibi alimsimulia mjukuu wake usiku, kabla ya taa kuzimwa.

Imani hiyo ina ukweli wake, lakini ni nusu tu ya ukweli. Ni kweli kwamba watoto walizisikia hadithi hizo. Si kweli kwamba zilikuwa zao peke yao, wala kwamba Steere alizikusanya kwa ajili yao. Waliolengwa walikuwa watu wazima: wamisionari na wageni wengine waliohitaji matini ya Kiswahili fasaha ya kujifunzia, pamoja na wasomi wa Ulaya waliotaka kujua kama lugha hii ina fasihi. Katika mkusanyiko huohuo mna habari za Fumo Liongo, ambaye mwanawe mwenyewe anahongwa ampeleleze siri ya kifo chake, kisha anamchoma sindano ya shaba kitovuni. Hicho si kisa cha kumbembelezea mtoto alale. Ni kisa cha siasa, wivu wa watawala na damu iliyosaliti damu, na barazani kilizungumzwa na watu wazima.

Basi swali la mhakiki si namna gani hadithi za watoto za Waswahili zilivyohifadhiwa. Swali ni wapi na lini hadithi za watu wote zilipopewa jina la hadithi za watoto, na nini kilipatikana au kupotea katika kupewa jina hilo.

Punda aliyerudi mara ya pili

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Kisa cha Punda wa Dobi. Kima na papa ni marafiki. Kima hukaa juu ya mkuyu ulioinamia maji, na kila siku humtupia papa matunda. Siku moja papa anamwalika rafikiye kwao, anampakia mgongoni, na walipokwisha kuwa mbali na pwani anamfunulia siri: sultani wa huko ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima hababaiki. Anamweleza kwamba kima hawatembei na mioyo yao, huiacha mitini. Afadhali warudi wakauchukue. Akishafika juu ya mkuyu, hashuki tena. Papa anapomwita, anajibiwa kwa kisa kingine ndani ya kisa. Punda wa dobi aliyekimbilia mwituni alirubuniwa na sungura hadi mbele ya simba, akajeruhiwa, akaponyoka. Sungura akamwendea tena kwa maneno matamu, naye akarudi, na safari hii akauawa. Simba alipodai moyo na masikio ya punda, sungura, ambaye alikwisha kuvila, akamjibu kwamba mnyama huyo hakuwa navyo kamwe, maana angekuwa navyo asingerudi.

Msomaji wa Kiarabu atakitambua kisa hiki mara moja. Kimo katika Kalila wa Dimna, kitabu alichokitia Kiarabu Ibn al-Muqaffa' katika karne ya 8 kutoka Kipahlavi, ambacho nacho kilitokana na Panchatantra ya Kisanskriti. Huko Bara Hindi adui wa nyani ni kiumbe wa majini wa jamii ya mamba. Katika Kiarabu ni kasa. Unguja amekuwa papa. Mti nao umebadilika njiani. Katika Kiarabu ni mtini, na pwani ni mkuyu, ambao kwa asili ni ndugu wa mtini na huzaa matunda yanayofanana na tini. Jambo hilo halithibitishi njia ambayo kisa kilipita, lakini linaoana na dhana kwamba kilivuka bahari katika vinywa au vitabu vya watu waliozoea simulizi za Kiarabu.

Badiliko kubwa zaidi liko katika sababu ya usaliti. Katika Panchatantra na katika Kalila wa Dimna, anayetaka moyo ni mke wa mnyama wa majini, ambaye anaona wivu kwa sababu mumewe hukaa mchana kutwa na rafikiye. Kwa Waswahili mke ametoweka na mahali pake amekaa sultani. Mgogoro wa nyumbani umegeuka kuwa mgogoro wa raia na mwenye nchi: papa si mume dhaifu, bali ni mtu aliyebanwa kati ya urafiki na amri ya dola. Msimulizi wa Unguja ya wakati wa Sayyid Majid alikuwa akiishi katika mji wenye sultani, na wasikilizaji wake walijua uzito wa neno hilo. Mtu mzima aliyekisikia kisa hicho alisikia jambo ambalo mtoto aliyekaa pembeni mwake hakulisikia bado.

Hata hivyo, kumfikiria msomaji mdogo si uvumbuzi wa Ulaya. Katika utangulizi wake Ibn al-Muqaffa' anaeleza kwamba wanyama wamepewa ndimi ili vijana wapendao mzaha wavutiwe na kitabu, ilhali wenye busara watafute ndani yake hekima. Panchatantra nayo inajitambulisha kuwa mafunzo ya wana watatu wa mfalme walioshindwa na elimu. Lakini mtoto anayefikiriwa hapo ni mtawala wa kesho, na anapewa hekima ya watu wazima mapema ili imfae baadaye. Hatengewi hadithi ndogo zilizopunguzwa. Huo ndio utaratibu uliokuwapo hata katika mikusanyiko ya pwani: hadithi ni moja, na kila msikilizaji huchota kwa kadiri ya chombo chake.

London na Chicago

Utaratibu huo ulibadilika miaka 31 baada ya kitabu cha Steere. Mwaka 1901 Andrew Lang, mwandishi wa Kiskoti, alitoa The Violet Fairy Book, mojawapo ya vitabu 12 vilivyojulikana kwa rangi za majalada yao, ambavyo vilichapishwa kati ya 1889 na 1913. Ndani yake, pamoja na ngano za Ulaya na Japani, zimo hadithi za Unguja kutoka kwa Steere: kisa cha paa na maskini, kisa cha nunda mla watu, na kisa cha Hasibu na sultani wa nyoka. Mwaka 1910 The Lilac Fairy Book ikaongeza kisa cha kima na papa. Mwaka huohuo wa 1901, huko Chicago, George W. Bateman alikuwa ametoa Zanzibar Tales, kitabu cha hadithi za Unguja kilichoandikwa kwa Kiingereza chepesi na kupambwa kwa picha. Kwa hiyo watoto wa Kiingereza na wa Kimarekani walikuwa na vitabu vyenye picha vya hadithi za Unguja kabla ya watoto wengi wa Unguja kujua kuzisoma hadithi hizo kwa herufi za Kirumi.

Tofauti ya majina inasema mengi. Kwa Steere kisa kinaitwa kwa jina la punda wa dobi. Kwa Lang kinaitwa Moyo wa Kima. Jina la Kiswahili linaweka uzito juu ya mpumbavu aliyerudi mara ya pili, yaani juu ya funzo ambalo kima anamtupia papa badala ya matunda. Kisa cha nje ni njia tu ya kuufikia ufunguo ulio ndani. Jina la Kiingereza linaweka uzito juu ya hatari na kuponyoka kwake. La kwanza linamuuliza msikilizaji kama yeye mwenyewe ana moyo na masikio. La pili linamwahidi msisimko. Maneno ya ndani yanaweza kuwa karibu sana, lakini mtoto anayefunguliwa kitabu kwa jina la pili amekwisha kuelekezwa atazame wapi.

Kilichozipata hadithi za Unguja kiliwahi kuzipata hadithi za Kijerumani. Jacob na Wilhelm Grimm walipotoa mkusanyiko wao mwaka 1812 na 1815, walikusudia kazi ya kitaaluma yenye maelezo ya wanazuoni. Ni baada ya tafsiri ya Kiingereza ya 1823, iliyokuwa na michoro ya George Cruikshank, kupendwa na familia, ndipo walipotoa toleo dogo la hadithi 50 mwaka 1825 kwa ajili ya nyumba zenye watoto. Njiani mama wakatili waligeuzwa mama wa kambo: mama wa Theluji Nyeupe mwaka 1819, na mama wa Hansel na Gretel mwaka 1840. Kabla yao Giambattista Basile wa Napoli aliuita mkusanyiko wake, uliochapwa 1634 hadi 1636 baada ya kufa kwake, burudani ya wadogo, ingawa lugha na mizaha yake ni ya watu wazima wa barazani kwa wakuu. Kwa hiyo lebo ya utoto imebandikwa mara kwa mara juu ya bidhaa iliyotengenezwa kwa wengine.

Kila lebo mpya pia ilifunika majina ya watu. Lang alikiri katika dibaji ya kitabu cha 1910 kwamba kazi ya vitabu hivyo karibu yote ilikuwa ya mkewe, Leonora Blanche Lang, lakini jalada liliendelea kuwa na jina la mume. Steere aliwashukuru wenyeji waliomsaidia, akiwamo Hamisi wa Kayi, lakini kadiri hadithi zilivyosafiri kutoka kitabu hadi kitabu, wasimulizi walififia wakabaki kuwa "Waswahili" tu, kisha wakatoweka kabisa. Mtoto wa Chicago alipewa hadithi isiyo na mwenyewe, kana kwamba ilichumwa mwituni.

Vitabu vilivyokuja upande wa pili

Wakati hadithi za Unguja zikielekea Ulaya, vitabu vya watoto wa Ulaya vilikuwa vikielekea Unguja, na hapa pana jambo linalowashangaza hata wanafunzi wa fasihi. Shakespeare hakuingia katika Kiswahili kupitia tafsiri za Julius Nyerere za miaka ya 1960. Aliingia karne moja kabla, kupitia kitabu cha watoto. Katika miaka ya 1860 Steere alitafsiri visa kadhaa kutoka Tales from Shakespeare, kitabu ambacho Charles na Mary Lamb walikitoa mwaka 1807 ili kuwarahisishia vijana tamthilia hizo. Mary ndiye aliyeandika sehemu kubwa ya visa 20 vya kitabu hicho, lakini chapa ya kwanza ilibeba jina la Charles peke yake. Kwa maneno mengine, Waswahili wa kwanza kumsoma mwandishi mkubwa wa Kiingereza katika lugha yao, wakiwa watu wazima au vijana, walipewa kile ambacho Uingereza iliwapa watoto wake.

Hali hiyo ikawa desturi. Baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu, shule za Afrika Mashariki zilihitaji vitabu vya kusoma kwa haraka. Mwaka 1929 vilitokea Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya Treasure Island ya Robert Louis Stevenson, na Mashimo ya Mfalme Sulemani, tafsiri ya King Solomon's Mines ya Rider Haggard. Safari za Gulliver ikafuata mwaka 1932. Stevenson alikuwa ametoa hadithi yake kwanza kwa mfululizo katika gazeti la vijana. Haggard alikitabaruku chake kwa wavulana wote, wakubwa kwa wadogo. Jonathan Swift, kwa upande wake, aliandika tashtiti chungu dhidi ya serikali na elimu ya zama zake, na ni wachapishaji waliomfanya kuwa mwandishi wa watoto baada ya kufa kwake.

Kwa Haggard tatizo halikuwa umri wa msomaji, bali nafasi yake. Mvulana wa Uingereza wa 1885 aliombwa ajione katika wazungu watatu wanaoivuka Afrika. Mvulana wa Tanga au wa Kisumu wa miaka ya 1930 alisoma safari hiyohiyo kwa Kiswahili kizuri, na akabaki na hiari mbili: ajione katika wageni, au katika wapagazi na maadui zao. Tafsiri ilikuwa laini kiasi kwamba swali hilo halikusikika. Wahakiki wamekwisha kuonyesha jinsi tafsiri hizo zilivyounda mtindo wa riwaya ya Kiswahili iliyofuata, kwa urefu wa sentensi na kwa mapenzi ya safari za kutafuta mali. Lililosemwa kwa uchache ni kwamba zilimfundisha mtoto wa Afrika Mashariki kusoma hadithi akiwa amesimama nje yake.

Kuna jaribio moja la wakati huo lililoligusa tatizo hili kwa namna ya pekee. Mwaka 1940 Sheldon Press ya London ilitoa Elisi Katika Nchi ya Ajabu, tafsiri ya E. V. St. Lo Conan-Davies ya hadithi ya Lewis Carroll. Katika michoro yake Elisi si binti wa Oxford. Ni msichana wa Kiafrika. Mchoraji aliona kwamba haitoshi kubadili maneno ikiwa anayeanguka shimoni bado ni mgeni. Miaka 75 baadaye, mwaka 2015, Ida Hadjivayanis, mwanazuoni wa SOAS huko London, alitoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Baina ya Elisi na Alisi kuna badiliko la nani anatafsiri, na kwa ajili ya nani. Wa kwanza alikuwa mgeni aliyewaandikia watoto wa makoloni. Wa pili ni mwenye lugha, anayeandika akiwa katika mji ambamo watoto wa Waswahili husoma Alice kwa Kiingereza shuleni.

Paa juu ya jaa

Iwapo hadithi zilifanywa za watoto na wengine, je, zirudishwe kwa watu wazima? Hapana. Lakini inafaa kuuliza mtoto anadhaniwa kuwa anaweza kubeba nini. Kwa hilo hakuna hadithi bora kuliko ile ya maskini Hamdani.

Hamdani huchakura jaani akitafuta punje za mtama. Siku moja anaokota thumuni, na badala ya kununua chakula ananunua paa. Paa huyo anasema. Anaokota almasi, anaipeleka kwa sultani wa mbali, na kwa uongo uliopangwa vizuri anamfanya bwana wake aonekane kuwa Sultani Darai, tajiri aliyenyang'anywa njiani. Hamdani anavishwa, anaozwa binti wa sultani. Kisha paa anamuua nyoka mwenye vichwa saba na kumpatia bwana wake jumba la nyoka huyo.

Hadi hapo msomaji wa Ulaya anamwona Paka Mwenye Viatu wa Charles Perrault, wa mwaka 1697. Lakini kwa Perrault paka anaishia kuwa bwana mkubwa, na hukimbiza panya kwa kujifurahisha tu. Kwa Waswahili paa anaugua. Anatuma salamu kwa bwana wake, na bwana anaagiza apikiwe uji wa mtama mwekundu, katika nyumba iliyojaa mchele. Mke anamsihi mumewe amhurumie, hasikii. Paa anakufa kwa uchungu wa moyo, na maiti yake inatupwa kisimani. Mke anampelekea baba yake habari, watu wanakuja kumlilia paa, na mwishowe Hamdani anaamka na kujikuta palepale jaani, akichakura.

Basile, miaka zaidi ya 60 kabla ya Perrault, alikuwa na mwisho unaokaribia huu: paka wake anajifanya amekufa ili ampime bwana, anamsikia akiagiza atupwe dirishani, na anaondoka zake kwa hasira. Kwa hiyo mwisho mchungu si upekee wa pwani, na kilicho kigeni katika ukoo wa kisa hiki huenda ni utamu wa Perrault. Lakini paka wa Basile anaponea. Msimulizi wa Unguja hakuruhusu mzaha huo. Kwake kukosa shukrani ni kosa linaloua kweli, na utajiri uliojengwa na mwingine hauna msingi ila wema wa yule aliyeujenga. Kuhusu jambo hilo hata toleo la Lang lilikuwa jasiri: lilimwacha paa afe mbele ya watoto wa Uingereza.

Hapo ndipo penye kipimo cha kila anayeandika upya hadithi hii kwa Kiswahili cha leo. Kumponya paa dakika ya mwisho, au kumfanya Hamdani aombe radhi na asamehewe, huonekana kuwa ni huruma kwa mtoto. Kwa hakika ni kumnyang'anya. Mtoto anajua dhuluma kabla ya kujua jina lake. Anajua ladha ya uji aliopewa yeye wakati wengine wanakula wali. Hadithi inayokiri jambo hilo inamheshimu. Hadithi inayolificha inamwambia kwamba alichokiona hakikuwapo.

Wasomaji wa kwanza

Liko jambo la mwisho katika historia hii, nalo linawahusu watoto wenyewe. Mwaka 1864, muda mfupi baada ya Tozer na Steere kufika, Sultani Majid aliwakabidhi wavulana watano waliotekwa kutoka katika jahazi la watumwa. Wengine wengi walifuata. Hao ndio waliokaa katika shule za misheni, hasa Kiungani, wakajifunza kusoma na kupiga chapa. Kwa sehemu kubwa hawakuwa Waswahili. Walikuwa Wayao, Wanyasa na wengine wa bara, walionyang'anywa lugha zao pamoja na jamaa zao. Mmoja wao alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa akiwa mtoto, ambaye mwaka 1890 alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa upadri na misheni hiyo. Kwa hiyo miongoni mwa watoto wa kwanza kusoma Kiswahili kilichopigwa chapa kwa herufi za Kirumi walikuwamo wengi ambao Kiswahili kilikuwa lugha yao ya ugenini. Watoto wa Waswahili wenyewe walikuwa chuoni wakisoma Kurani, na lugha yao iliandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Watoto wa Kiungani hawakusoma tu, bali waliandika pia. Mwaka 1887 A. C. Madan alichapisha London kitabu kinachobeba jina la shule hiyo, chenye maandishi ya wavulana: masimulizi ya utoto wao, kutekwa kwao, safari hadi pwani, na ngano za kwao walizozikumbuka. Wasomaji wa London walipewa masimulizi hayo kwa Kiingereza cha mfasiri. Hebu fikiria mpangilio huo wa mambo. Hadithi za watu wazima wa Unguja zilichapwa kwa Kiswahili na baadaye zikaitwa za watoto. Hadithi zilizoandikwa na watoto hasa, kuhusu mambo ambayo hakuna mtoto anayestahili kuyaona, zilipewa watu wazima wa Ulaya kama ushahidi wa kazi ya misheni. Historia ya vitabu vya watoto vya Kiswahili ingepaswa kuanza hapo, kwa sauti hizo, wala si kwa kima na papa.

Tangu hapo mengi yamefanyika. Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Tanzania mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, ulithibitisha kwamba waandishi na wachoraji wa nyumbani wanaweza kumwandikia mtoto wa shule ya kijijini bila kupitia London. Lakini ughaibuni mazungumzo yangali yakirudia hofu moja: kwamba mtoto aliyezaliwa Birmingham au Dubai, anayeelewa Kiswahili bila kukizungumza, yuko nje ya ukoo wa hadithi hizi, na kwamba kila kizazi kinachopita kinamsukuma mbali zaidi.

Historia inaonyesha kinyume. Mtoto anayekutana na Kiswahili kwenye ukurasa akiwa mgeni kwake hakufika mwishoni mwa historia hii. Anafanana na waliokuwa mwanzoni mwake. Anachohitaji si hadithi iliyopunguzwa. Anahitaji kitabu kama kile cha 1870, chenye lugha mbili zinazotazamana, ili jicho livuke linapokwama na kurudi linapopata nguvu. Mpangilio huo ulibuniwa kwa ajili ya mmisionari aliyetaka kuwahubiria Waswahili, lakini hakuna kinachomzuia mjukuu wa Waswahili asiutumie kurudi kwao. Ila upande wa kushoto pawe na Kiswahili kamili, jina la msimulizi litajwe pale linapojulikana, punda wa dobi arudishiwe nafasi yake katika jina la kisa, na paa aachwe afe.